Utafikia kwa Nani?

Ukitaka majirani wa Manyoni waanze kukutazama kwa huruma, waambie kesho unakwenda Morogoro, jioni unarudi, na huko huendi kufanya lolote. Watauliza kwanza kama kuna msiba. Ukisema hakuna, watauliza kama kuna mgonjwa, halafu kesi, halafu kiwanja, halafu mtoto aliyefukuzwa shule. Ukikana vyote, atatokea mzee mmoja mwenye hekima zake awakonyeze wenzake wanyamaze, maana mtu mzima anayesafiri bila sababu, sababu anayo, ila haisemeki mbele za watu.

Sisi tunakaa katikati ya nchi, na si kwa maneno tu. Pale Sukamahela, humu humu wilayani, kuna jiwe linaloonyesha kitovu cha Tanzania. Ukikaa kitovuni kila mahali ni mbali, kwa hiyo hakuna anayenyanyuka bila kupiga hesabu. Nauli ni hela ya mbolea.

Mimi ugonjwa wa kusafiri bila sababu niliambukizwa kwa simu. Mtoto wa mjomba wangu anaishi Brussels, Ubelgiji, anafanya kazi ya kutunza wazee, na siku zake za mapumziko hupanda treni kwenda kuangalia miji midogo. Si Paris, si London. Ni Ghent, mwendo wa nusu saa na ushee. Ni Bruges, kama saa moja. Ni Mechelen, ambako chai haijapoa umeshafika. Kisha hutuma picha. Asubuhi yuko mbele ya kanisa, mchana yuko kando ya mfereji anakula chipsi kwenye karatasi, jioni yuko kwake amevua viatu. Mikononi hana kitu. Hana dumu, hana kiroba, hana kuku.

Siku moja nikamwuliza, "Huko Mechelen ulifikia kwa nani?"

Akajibu, "Sikufikia kwa mtu. Nilizunguka tu, nikarudi."

Nilimsomea mke wangu ujumbe huo. Akaacha kuchambua mchele, akauliza, "Sasa alikula wapi?" Nikamwambia alijinunulia. "Maskini," akasema, na tangu siku hiyo kila tukisali jioni anamtaja yule dada pamoja na wafungwa na wasafiri wa baharini.

Wabelgiji, kwa haki yao, mambo haya wameyazoea. Reli yao ya kwanza ilifunguliwa Mei 1835, na ilikuwa inatoka Brussels kwenda wapi? Mechelen huko huko. Yaani kwenda mji mdogo kwa treni ndiyo safari ya kwanza waliyojifunza. Sisi huku tulingoja Wajerumani, ambao walianza kutandika Reli ya Kati pale Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, vita ikaanza, wakakosa nafasi ya kuitembelea. Waliokuja kutembea ni Wabelgiji hao hao. Mwaka 1916 walitoka Kongo kwa miguu, na askari na wapagazi wao wa Kikongo, wakaingia Tabora mwezi Septemba. Jenerali wao, Charles Tombeur, baadaye alipewa ubaroni na jina lake likarefushwa kuwa Tombeur de Tabora. Nina wajomba waliokwenda Tabora mara nyingi kuliko jenerali yule, wengine kwa baiskeli na gunia la karanga nyuma, na hakuna aliyeongezewa hata herufi. Lakini angalieni jambo moja: hata Mbelgiji, akishakuja upande huu wa dunia, husafiri na mizigo, na siku hiyo hiyo harudi.

Jaribio letu la kwanza lilikuwa Itigi, kwa treni ya zamani, ile ya reli ya upana wa mita moja. Itigi ni jirani, kilomita arobaini hivi, mji wa asali, wa hospitali ya Mtakatifu Gaspar, na wa vichaka ambavyo wataalamu wa mimea huvifungia safari kutoka nchi za mbali ilhali sisi tunavikatia kuni. Kwenda hakukuwa na shida. Behewa lilikuwa limejaa watu waliopanda Dar es Salaam jana yake, wameshakuwa ukoo mmoja. Wanajuana magonjwa, na walikuwa bado wanaguguna mifupa ya kuku wa Saranda. Kwenye treni ile dirisha ndilo duka. Huhitaji kushuka kuuona mji, mji wenyewe unakuja na beseni kichwani na kukupandishia bei usoni. Tulishuka Itigi tukiwa tumenunua asali, karanga na mwiko, kabla hatujaikanyaga Itigi yenyewe.

Kurudi ndiko kulikokuwa na maneno. Treni hiyo ratiba yake imepangwa kwa mtu anayekwenda Kigoma kuanza maisha, haikupangwa kwa mtu anayekwenda Itigi kunywa soda. Ya kurudi haipiti jioni, na kesho yake pia usiitegemee. Tulirudi kwa lori la alizeti, mke wangu mbele na dereva, mimi juu ya magunia, na picha niliyotuma Brussels siku hiyo ilijibiwa kwa swali kama tumehama.

Halafu ikaja treni ya umeme. Tarehe 1 Agosti 2024 Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua rasmi safari ya Dar es Salaam hadi Dodoma, na habari zikatufikia kwamba kuna treni inakwenda kilomita 160 kwa saa na inaondoka dakika iliyoandikwa kwenye tiketi. Hilo la pili ndilo lililobishaniwa zaidi kijiweni. Kipande cha kutoka Makutupora kwenda Tabora, kinachotuhusu sisi, bado kinajengwa, kwa hiyo mtu wa Manyoni lazima aifuate treni Dodoma kwa basi. Lakini nilisoma kwamba reli hii ina upana wa milimita 1,435, sawasawa na ya Ubelgiji. Nikamwandikia binamu yangu kwamba kwa upande wa vyuma tumeshalingana nao. Kilichobaki ni abiria.

Tukachagua Morogoro, mji kasoro bahari. Masharti niliyatoa mwenyewe: hakuna kumwambia mtu, hakuna mzigo, hakuna kufikia kwa mtu. Tunashuka, tunaangalia Milima ya Uluguru, tunapita soko la Chifu Kingalu, tunakula ndizi, tunarudi. Mke wangu aliyakubali yote bila kubishana, akatoka kwenda kumwomba jirani atufungulie kuku asubuhi.

Hapo ndipo mpango ulipofia. Jirani hawezi kufungua kuku wa watu bila kujua wenyewe wako wapi, je, wakiulizwa? Ilipofika saa mbili usiku barazani kwetu palikuwa na dumu la mafuta ya alizeti la kupelekwa Msamvu, kiroba cha vitunguu, bahasha ambayo nilikatazwa kuikunja, na viatu vya shule vilivyonunuliwa Morogoro, jozi nzima ya mguu wa kushoto, ambavyo nilitakiwa nikavibadilishe kwa mwenye duka "mweupe hivi, si mrefu sana". Kisha akaja mama mkwe. Alikuja na jogoo.

Alikuwa jogoo mwekundu, mzito, mwenye macho ya mtu aliyewahi kushinda kesi.

"Huyu ni wa mdogo wangu kule Morogoro," mama mkwe akasema. "Kule wanakula kuku wa kisasa, nyama haina hata ladha. Nyie mnapita tu kwake mnamwachia."

Mkwe akiambiwa "mnapita tu" na mama mkwe, Kiswahili chote kinabaki maneno mawili. Nikasema, "Sawa, mama."

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Basi zima lilikuwa limelala, na tulipoanza kuuteremka ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Kintinku, jogoo akawika. Yeye hana habari za basi; anachojua ni kwamba kumekucha. Akawika tena, na tena, kwa moyo. Watu waliamka kwa mpigo, kuna aliyeshusha begi lake akidhani tumefika, na mama mmoja nyuma akaamka anauliza nani hajafungua banda. Konda alikuja na tochi akatumulika mmoja mmoja. Mke wangu akajifunika khanga. Mimi nilimtazama mzee wa kiti cha pembeni kwa macho ya lawama, na mzee wa watu akaanza kujikagua chini ya kiti.

Stesheni ya Dodoma sikuwa nimeiandaa akili yangu kuiona. Sakafu inang'aa kiasi kwamba mke wangu aliuliza kama tuvue viatu. Mizigo inapitishwa kwenye mashine, na kijana aliyekuwa zamu alikuwa na adabu kuliko watoto wangu.

"Shikamoo mzee. Humo kwenye kikapu kuna nini?"

"Marahaba. Ni kitoweo."

Jogoo akajibu mwenyewe.

"Mzee," kijana akasema taratibu, "huyu yuko hai."

"Mpaka sasa," nikamwambia.

Hakucheka, ila alinyamaza muda mrefu kuliko kawaida. Akatueleza kwa upole kwamba kuku hai hataingia. Nyuma yetu foleni ilikuwa inarefuka, watu wenye mabegi ya magurudumu, wanaotazama saa. Kumpa mtu baki jogoo wa mama mkwe haiwezekani. Kumwachia bodaboda ni kumchinja. Ikabidi nimpigie shangazi yangu anayekaa Nkuhungu, na hapo sharti la mwisho lililokuwa limesimama likaanguka.

"Kumbe mko Dodoma!" shangazi akasema, na sauti ilikuwa ya mtu aliyesomewa wosia akakuta hayumo. "Mnanipita kimya kimya, kama nadaiwa!"

Alifika kwa bajaji na chupa ya chai, maandazi ya moto, mfuko wa zabibu na ubuyu wa kupeleka huko tunakokwenda, kokote kule. Nilipomkabidhi kikapu amtunze jogoo mpaka jioni, hakunisikia neno la "mpaka jioni". Alikipokea kwa mikono miwili akapiga kigelegele pale pale mbele ya mashine. "Kaka yangu aliniachia mtoto mwenye akili," akawatangazia abiria wa foleni. Mke wangu alinitazama. Jogoo wa ukweni alikuwa amevuka mpaka mchana kweupe kuingia upande wetu, kwa vigelegele, na mashahidi wapo.

Treni iliondoka dakika ile ile iliyoandikwa. Nilikuwa naisubiri kwa hamu raha ya safari, lakini mke wangu alikaa dirishani na noti ya elfu mbili mkononi, tayari kwa wachuuzi, mpaka nilipomwonyesha kwamba dirisha halifunguki. "Sasa watu wa njiani wanauzaje?" akauliza. Hawauzi. Wanakupungia mkono wakiwa wadogo, halafu hawapo. Kila behewa lina kioo kinachoonyesha mwendo, na abiria, watu wazima na tai zao, walikuwa hawaangalii nje kabisa. Walikuwa wamenyoosha simu wanasubiri kioo kiandike 160 wakipige picha. Kilipoandika 158 kikarudi nyuma, behewa zima liliguna.

Tulipokaribia Kilosa simu ikaita. Mama mdogo wa mke wangu, wa Morogoro.

"Wakwe zangu, mmefika wapi? Nimeshateleka maji ya kumnyonyolea. Jogoo hajambo?"

Mke wangu alinisogezea simu haraka mno. Nikaanza, "Mama, shikamoo, kuhusu huyo jogoo, ni kwamba," na treni ikaingia handakini. Simu ikakatika. Milima ile ya Kilosa ina mahandaki kadhaa, na moja linazidi urefu wa kilomita moja. Sijui wahandisi waliyachimba wakiwaza nini, lakini kwa mkwe aliyebanwa ni kazi ya kudumu. Kila tulipotoka kwenye mwanga simu iliita, na kila ilipoita niliomba mlima mwingine.

Morogoro hatukuizunguka. Mama mdogo alikuwa getini na watoto wawili wa kubeba mizigo, na macho yake yalikwenda kwenye mikono yetu kabla ya nyuso. Mke wangu akamkabidhi zabibu na ubuyu kwa unyenyekevu wa kutosha jogoo watatu. Akamweleza kwamba jogoo amepumzishwa Dodoma. Mama mdogo akasema hana neno, kwa sauti ya mtu mwenye maneno mengi. Uluguru niliiona kupitia upenyo wa bajaji, kipande cha kijani kati ya bega la dereva na tangazo la saruji. Soko la Chifu Kingalu nilionyeshwa kwa kidole. Viatu vya kushoto vilikwenda na mtoto mmoja, vikarudi vya kulia vyote.

Nyumbani maji ya kunyonyolea yalikuwa yanachemka bila mtu wa kuingia. Ikabidi atumwe mtu akatafute kuku mwingine mtaani, na ilipotimia saa saba alikuwa bado anajadiliana bei. Nikakohoa. Nikasema, kwa heshima zote, kwamba sisi treni yetu ya kurudi ni ya jioni.

Mama mdogo akaweka chini kisu. "Jioni ya leo?"

"Ndiyo, mama."

"Nimewakosea nini?"

Hilo swali halina jibu katika lugha yoyote anayoruhusiwa kuitumia mkwe. Pilau iliiva saa kumi. Tulikula huku nimeiweka simu pajani naangalia saa kwa chini, kama mwanafunzi anayeibia mtihani. Tuliposimama kuaga, mama mdogo akasema haiwezekani watu waondoke bila neno la baraka, akamwita jirani yake, mzee wa kanisa. Mzee yule aliombea safari yetu, akaombea dereva wa treni, waya wa umeme, waliojenga reli, waliokopesha fedha za kujenga, na jogoo aliyebaki njiani asipate madhara. Aliomba kwa kina tufike salama, na alipofika "Amina" treni ilikuwa imeshafika salama peke yake mahali fulani karibu na Kimamba.

Mama mdogo hakuficha furaha. Usiku ule, kwa mapenzi yake, alizifua nguo zetu zote. Usiku ule ule Uluguru ikashusha mvua. Asubuhi suruali yangu ilikuwa inadondosha maji, na nikaletewa kutoka sandukuni kaunda suti ya marehemu baba mdogo, ya kijivu, inayonukia dawa ya nondo, yenye mifuko minne na pasi iliyosimama tangu enzi za azimio.

Ninachoweza kusema ni kwamba kila mwanamume anayetaka kusafiri kwa treni ya umeme aitafute kaunda suti. Getini nilipewa "karibu sana mheshimiwa". Kijana mmoja alinipisha njia, akanibebea ndizi. Ndani ya behewa bwana wa kiti cha mbele alinigeukia baada ya Kilosa, akanisalimu kwa kifupi, na akaanza kunieleza mgogoro wa mpaka wa kijiji chao, faili liko ofisi gani na limekaa muda gani. Nilimsikiliza, nikatikisa kichwa, nikamwambia nimelichukua. Mke wangu alikuwa anatazama nje ya dirisha mabega yakimtetemeka. Na Dodoma, mji wenye wakubwa wengi mpaka hawasalimiani, yule yule kijana wa mashine alinisimamia wima. Hakunitambua mpaka alipoona kikapu kitupu mkononi mwa shangazi.

Shangazi? Shangazi alikuwa ameshamla. Alituletea paja moja kwenye bakuli tumpelekee mama mkwe, kama shukrani.

Picha ya kaunda suti nilimtumia binamu yangu. Alipiga simu badala ya kuandika, akacheka mpaka akalia, akaniambia nisifute. Kisha akasema Jumapili iliyopita alikuwa Ghent, kulinyesha, akakaa stesheni na mkate wake, na kutwa nzima mtu pekee aliyemsemesha ni mkaguzi wa tiketi. "Na alichotaka ni tiketi," akasema. Mke wangu akanipokonya simu akamwuliza kama katika Ghent nzima hakuna Mtanzania hata mmoja, akaanza kumhesabia watu anaowajua waliowahi kusema wana mtu Ulaya.

Suti tulipanga kuirudisha kwa mkono wa mtu, lakini mama mdogo akasema hapana, ataifuata mwenyewe. Sasa na yeye ameijua treni, akasema, atafanya kama sisi: asubuhi anatoka, jioni anarudi. Alishuka stendi ya Manyoni Ijumaa na sanduku la bati, godoro dogo limekunjwa, na mche wa ndizi. Kaunda suti alipoonyeshwa aliitazama, akasema inanipendeza, akae kwanza afikirie. Jumamosi alipanda mche. Jumapili alitembelea kuku wetu akawakuta hawana mpangilio. Na jana nimetoka kazini nimemkuta amemtengea tetea mmoja kona jikoni, amemwekea majani makavu na mayai kumi na mawili, na amewakataza watoto wasimsumbue. Yai la kuku huatamiwa siku 21.